Sisimizi Ndani ya Kaharabu

Ngenge, Muleba
Jumapili

Shangazi Georgina mpendwa,

Shikamoo. Hapa nyumbani kahawa imeanza kuiva.

Asante sana kwa kipande cha kaharabu ulichonitumia kutoka Tanga. Mwalimu wa biolojia alinifundisha kukipaka mafuta ili mikwaruzo isionekane, nikakipiga picha kwa simu ya Baba. Sisimizi aliyenaswa zamani za kale katika utomvu huo uliogeuka jiwe alijaa kioo kizima cha simu.

Nilimwonyesha Bibi. Akaisogeza simu hadi puani, akasema, "Senene mnene huyu! Mbona hamjamnyonyoa mbawa?"

Baba akacheka. "Mama, hiyo ni njaa! Senene ni mpaka Novemba."

Mimi sikucheka. Bibi amenyonyoa panzi hao tangu utotoni; hawezi kuwachanganya na sisimizi. Nikamwuliza, "Bibi, unauona uso wangu?"

Akasema, "Nakujua kwa sauti, mjukuu wangu."

Alikuwa akituficha tangu Pasaka kwamba haoni vizuri, akiogopa kupasuliwa macho. Jana alikubali kutibiwa. Jumanne tunampeleka hospitali Bukoba. Bila zawadi yako, Shangazi, tusingejua.

Ameniomba safarini nikae kushoto kwake, upande ambao bado anaona mwanga kidogo.

Mwanao mwenye shukrani,
Joanitha