Ramani ya North Carolina Ingali Ukutani

Jumapili, Barking, Uingereza. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, ile isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Sina shifti leo. Nimekaa jikoni na chai iliyopoa, na ramani nimeipa mgongo.

Zubeda ameondoka.

Niandike vizuri, maana bado siamini. Zubeda ni muuguzi mwenzangu, na tumeishi pamoja nyumba hii tangu nihamie Barking. Ijumaa aliniambia anakwenda Hayes, ng'ambo ya jiji, kulala kwa binamu yake, ampelekee nguo za mtoto. Sanduku lilikuwa zito na mgongo wake humsumbua, basi nikamkokotea mwenyewe hadi stesheni. Akanikumbatia muda mrefu. Nikamwambia, "Wewe, Hayes si Marekani, niachilie." Akacheka.

Jana ujumbe ukaingia: "Shoga, nimefika North Carolina salama, alhamdulillahi. Usikasirike, wajua safari haitangazwi. Ntakupigia nikisettle."

Kutoka Hayes hadi uwanja wa ndege ni pua na mdomo. Hata hilo halikunijia.

Desturi naijua. Kwetu mtu hatangazi safari, kwa sababu jicho la husuda laweza kuikwamisha visa ikiwa tayari mkononi. Mimi mwenyewe nilipokuja Uingereza, majirani kule Taita walisikia nikiwa nimeshavaa koti la baridi. Lakini wale walikuwa majirani. Safari hufichwa watu wa nje, na hii ilikuwa safari yetu sisi wawili.

Tulisomea mtihani wa uuguzi wa Marekani kwenye meza hii hii. Tukichoka, tunapumzika kwa ramani. Niliichora mimi, nyuma ya kalenda kuukuu, kwa penseli za rangi. Kulia kabisa bahari, na vile visiwa vyembamba vya mchanga ambavyo mawimbi na dhoruba huvisogeza mpaka nyumba za watu zikaangukia majini. Nyuma ya visiwa kuna maji mapana yaliyotulia, kisha nyanda za pwani, tambarare tupu, misonobari na vinamasi, karibu nusu ya jimbo. Halafu kuna mstari ambapo mito inateremka kwa maporomoko madogo, na zamani mashua zilizopanda kutoka baharini ziliishia hapo. Ukiuvuka umeingia Piedmont, nchi ya vilima na udongo mwekundu. Kushoto kabisa ni milima.

Zubeda ni wa Malindi, alitaka pwani. Mimi nilitaka milima. Tulibishana wiki nzima, yeye akisema baridi ya milimani itamtoa kamasi hadi azeeke, mimi nikisema siendi kujenga maisha juu ya mchanga unaohama. Mwishowe, mwezi uliopita tu, tukakubaliana katikati, kila mmoja apoteze kidogo. Nikaipaka Piedmont nyekundu, rangi ya udongo wa Voi, naye ndiye aliyenishikia karatasi isiteleze.

Leo mchana ametuma picha. Amesimama nje ya nyumba aliyopewa, meno yote nje. Mtu mwingine angeangalia uso wake. Mimi niliangalia chini. Mchanga wa kijivu. Barabara imenyooka, hakuna mwinuko hata wa kujikwaa, misonobari mirefu kila upande, na kando yake mtaro umejaa maji meusi.

Hiyo si Piedmont.

Nikamuuliza, naye akakiri. Hospitali yake iko pwani, bahari si mbali. Na hapo ndipo moyo uliponikatika, kwa sababu kazi ya namna hiyo na visa yake haviji kwa wiki moja, ni miezi. Alipokuwa ananishikia karatasi, alikuwa ameshasaini mchanga wake. Aliniacha nipake rangi mahali ambapo hakuwa na nia ya kukanyaga.

Nimelia, ndiyo. Nimesonya pia, na nimemwita majina ambayo mama hajui kama nayajua. Kisha nikaosha kikombe chake, nikakirudisha kabatini, na nikajichukia kwa hilo.

Nimejaribu kumtetea. Labda nafasi ilikuwa moja. Labda aliogopa ningemwomba asubiri, maana yeye alifaulu mtihani na mimi bado. Ningemwomba, kweli. Pengine angesubiri, na angeninunia kila asubuhi tukigombania bafu. Lakini angeniambia tu! Tungegombana, tungenuniana siku mbili, halafu ningemkokotea sanduku lile lile hadi stesheni, nikijua ninachokokota.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusema msemo huo mara ngapi, nikidhani unawahusu wengine?

Jioni hii ameandika tena, kana kwamba hakuna lililotokea: "Shoga, ramani iko kwako. Hiyo milima yako ni mbali na hapa? Ukija nataka nikupeleke weekend."

Nimeinuka, nimeigeukia ramani. Nikaweka kidole pwani kwake, nikakisogeza kushoto polepole: nyanda, mstari wa maporomoko, kile kipande chekundu tulichoahidiana, hadi milimani. Ni jimbo zima. Nikamwandikia maelezo yote, mito na miinuko, kama nilivyozoea kumweleza. Nikayafuta.

Ramani sitaibandua. Mtihani nitaufanya tena, na nikifaulu nitakwenda, lakini sitakwenda katikati. Pale palikuwa pa kukutana, na sina tena wa kukutana naye. Nitapanda hadi mwisho, kule nilikotaka tangu mwanzo. Asubuhi kuna shifti, na kitabu kiko mezani.

Nimemjibu neno moja: "Mbali."

Ameshalisoma.