Mutu wa mchezo aanguke kidogo

Mujukuu wangu Ramazani,

Huku Kasuku tuko wazima. Mbuzi ya mjomba wako imezaa mapacha, na mama yako yuko hapa kwangu, anakusalimia sana. Umeniuliza nimeujulia wapi ule muziki wa mchezo wa zamani wa video, wa kuchezea kwenye televisheni, unaouchanganya upya huko kwako Lubumbashi, mpaka nikauimba wote kwenye simu.

Ni mambo ya wakati wa vita. Siku ya kumutia mama yako hina ya arusi, hatukuwa na kaseti hata moja nzima. Jirani akatuletea jenereta, televisheni na mchezo wake. Muziki ulikuwa mutamu, tukaupigia matari, tukacheza. Lakini shangazi yako Zaina njo alishika maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, na mutu wake mule ndani ya mchezo alianguka shimoni kila mara. Muziki ulikatika, kikatoka kile kisauti cha kuanguka. Tulicheka, kisha tukaanza kukiitikia kwa vigelegele.

Bibi arusi hagusi kitu mpaka hina ikauke. Mama yako akachoka kuvumilia. "Lete hapa, unatuharibia sherehe." Akacheza na hina mbichi vidoleni, bila kuanguka hata kidogo. Tulicheza weee, halafu wanawake wakaanza kunung'unika kwamba vigelegele vimekosa nafasi. Mwishoni mimi mwenyewe nikamwomba, "Mwanangu, mwangushe huyo mutu basi."

Muziki wako ni muzuri, Ramazani, ila hauanguki popote. Murudishie yule mutu shimo lake. Vigelegele tutakurekodia sisi huku. Mama yako ameshaanza kujaribu sauti.

Bibi yako