Fomu Yangu, Masikio ya Mwanangu

Jumatatu, 6 Machi 2023

Nimekwenda hospitali, hapa hapa Tainan, Taiwan, kuandikisha: nikizimia nisiamke tena, nisiwekewe mrija wa chakula puani. Marehemu mume wangu alikaa nao miaka sita. Sita! Sitaki. Nilibeba muhuri wangu wa jina, wa kugonga badala ya saini, nikavaa sketi nzuri. Muuguzi Fang akauliza, ndugu yako yuko wapi? Kumbe sheria ya mgonjwa kujiamulia mwenyewe inataka ndugu wa karibu aje asikilize. Kujiamulia gani huko? Dada zangu wote wameshatangulia. Nimebaki na mwanangu, Yao-ting.

Jumatano, 8 Machi

Nimempigia. Ana miaka hamsini na mbili, fundi viyoyozi, umeme haumtishi. Nikataja kufa – akakata simu! Baadaye akapiga mwenyewe. Ma, umekula? Nimekula. Haya, vizuri. Akakata tena.

Jumapili, 12 Machi

Kaja na uji wa samaki. Nikamdanganya: Jumanne nipeleke hospitali, magoti yananisumbua. Hapo hapo kaomba ruhusa kazini. Nimeona aibu. Kidogo tu.

Jumanne, 14 Machi

Naandika humu humu kwenye chumba cha ushauri, maana hakuna la kufanya.

Daktari Hsiao alipotaja mrija, Yao-ting akanigeukia. "Ma, hayo ndiyo magoti?"

Nikamwambia ukweli. Baba yako aliteseka, mimi sitaki.

"Ba nilikuwa namkuta kila nikitoka kazini. Namkata kucha, namsimulia mpira. Wewe unataka nikute kitanda kitupu?"

Miaka sita nyumba moja, na sikuwahi kumuuliza.

Akamuuliza daktari: lazima nikubali? Hapana, akasema, mama ndiye anayeamua. Wewe unatakiwa kusikiliza tu.

Kusikiliza tu! Mwanangu akaziba masikio kwa vidole. Kama mtoto anayeogopa fataki! Daktari anasema asiposikia, ushauri haujafanyika, na bila ushauri fomu haipigwi muhuri.

Dakika arobaini sasa. Muuguzi Fang anacheka ndani ya barakoa. Nimemwekea Yao-ting chai, maana ili anywe itabidi aachie sikio moja. Anaiangalia tu. Mkaidi, kanirithi mimi.

Nimesogeza kiti, nimemshika kiwiko. Machozi yanamtoka, vidole bado viko masikioni. Kiwiko hajakiondoa. Daktari anaangalia saa. Aangalie tu, mimi kiwiko siachii.