Aliyeniita Chini ya Mji

Saint Louis Park, Minnesota
12 Oktoba 2024

Mpendwa dada yangu Bernardine,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo umepoa tangu uanze zile dawa. Sisi huku hatujambo. Rachelle ameingia darasa la nne na amerefuka, viatu nilivyomnunulia mwezi wa nane havimwingii tena. Nikimsemesha kwa Kiswahili ananielewa vizuri, ila majibu yote ni Kiingereza, na mimi nimechoka kugombana naye. Baridi imeanza, asubuhi tunakwangua barafu kwenye vioo vya gari.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningepata mwanya wa kudanganya tena. Ndiyo dada, tena. Mwezi wa saba uliponipigia kwamba mama anaumwa na ananiulizia, nilikuambia makaratasi yangu yako uhamiaji, nikitoka Marekani sitaruhusiwa kurudi. Ulinionea huruma. Makaratasi yangu yalikamilika mwaka jana. Siku mama anafariki sikuwa hata Marekani. Nilikuwa Uskoti, katika mji wa Edinburgh, natembea na kamera shingoni. Nitakueleza yote, halafu wewe utaamua kama bado una mdogo wako.

Safari ile tuliipanga miaka miwili na rafiki yangu Perpétue, yule Mkongo mwenye duka la vitenge kule Frogtown. Mdogo wake, Maombi, anaishi Edinburgh, na ndiye aliyetupokea, sisi wawili na Rachelle. Perpétue aliniuliza hali ya mama kabla hatujaondoka, nikamwambia amepata nafuu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mama niliyemwacha alikuwa anabeba ndizi kichwani huku anatugombeza. Sikutaka kumwona amelala, amekonda, analishwa uji na kijiko. Nikajiambia ameshaumwa mara nyingi na akapona, nitakwenda Krismasi.

Mji wenyewe ni mzuri dada, siwezi kusema uongo juu ya hilo pia. Kuna ngome juu ya mwamba mweusi, katikati kabisa ya mji, na mawe ya nyumba zote yameiva moshi wa karne na karne. Saa saba mchana wanapiga mzinga pale ngomeni. Mimi sikuwa na habari, nikapiga kelele na kumkumbatia mzee wa Kijapani nisiyemjua, Perpétue akacheka mpaka akakaa chini. Rachelle alimpiga picha mwanamume wa sketi anayepuliza zumari ya mfuko. Tulionyeshwa pia sanamu ya mbwa mdogo ambaye wanasema alilala kwenye kaburi la bwana wake miaka kumi na minne, na watalii wanamsugua pua hadi imeng'aa. Perpétue akasema kwao Bukavu mbwa akilala makaburini anapigwa mawe. Wote wakacheka. Mimi nilimtazama yule mbwa wa shaba nikaona haya, nikawahimiza tuondoke.

Siku ya nne, alasiri, tulishuka chini ya mji. Kuna mitaa ya zamani huko iliyofunikwa, wakajenga majengo mengine juu yake, na vyumba vikabaki gizani kama vilivyo. Mwongoza wageni alikuwa binti aliyevaa gauni la kale, na taa mkononi. Tulikuwa watu kumi na wawili. Kila chumba alituambia nani aliishi humo na nani alifia humo, na mimi nilisikiliza kama mtu anayesikiliza matangazo kanisani. Kulikuwa na ubaridi wa udongo, na simu hazishiki mtandao.

Katika chumba cha mwisho alituomba tusimame kimya, kisha akazima taa ili tuonje giza walilolijua watu wa zamani. Dada, giza lile halikuwa la kukatika umeme. Sikuona hata kidole changu. Na humo ndani nikaitwa. "Vere." Ilikuwa sauti ya mama, ile ya kuniita kutoka jikoni, anaivuta kidogo mwishoni. Ilitoka chini, karibu na kiuno changu. Baada ya kitambo, tena, "Vere."

Wewe unajua tulivyolelewa. Mama akiita, unaitika "abee" hata kama uko chooni, na unaitika unakimbia. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka. Lakini nikafikiri ni Rachelle, maana ana tabia ya kumwigiza bibi yake tangu alipoanza kumsikia kwenye simu, na kimo kilikuwa chake. Nikaona aibu mbele ya wageni. Sauti ilipoanza mara ya tatu nikapeleka mkono wangu wa kulia pale ilipotoka, nikaukuta mdomo, nikauziba. Niliuziba kwa nguvu, kwa hasira. Nilihisi midomo mikavu ikihangaika kiganjani, na pumzi ya moto, kisha ikatulia.

Taa ilipowashwa, mbele yangu hapakuwa na mtu. Rachelle alikuwa upande wa pili wa chumba, amejificha ndani ya koti la Perpétue. Nikamuuliza alinifuata saa ngapi. Perpétue akasema mtoto hajabanduka kwake tangu tuingie. Kiganja changu kilikuwa na unyevu.

Tulipotoka juu, simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Ulikuwa umepiga mara saba. Nikajibanza kwenye uchochoro, mbali na zumari, usije ukaisikia, nikakupigia. Hapo ndipo uliponiambia mama ametutoka, saa kumi na moja jioni ya huko. Nilihesabu palepale. Ni saa tisa alasiri ya Edinburgh, wakati binti yule amezima taa.

Na bado sikuja kumzika. Ndege ya Dar ilikuwepo kesho yake, Maombi aliitafuta mwenyewe na kuniwekea nafasi. Nikaikataa, kwa sababu ningefikaje wakati makaratasi yangu yako uhamiaji? Nilirudi Minnesota na uongo wangu, na Watanzania wa huku wakaniwekea msiba hapa nyumbani. Viatu vilijaa hadi kwenye korido ya ghorofa. Naftali, mwenyekiti wetu, alisimama akawaeleza watu kwamba mfiwa amezuiwa na serikali kumzika mama yake, na akina mama wakalia kwa uchungu wangu. Kila mmoja alikuja kunipa mkono wa pole, na kila aliyeushika aliuachia haraka. Mmoja aliniuliza kama nilikuwa nimeshika barafu. Nikaufunga kwa kanga, nikasema nimeungua jikoni.

Tangu hapo, kila siku saa tatu asubuhi, ambayo huko kwenu ni saa kumi na moja jioni, kiganja hiki kinapata joto. Huwa niko kazini Eden Prairie, kwenye kikao, jua limejaa madirishani na watu wanakunywa kahawa. Nasikia pumzi kiganjani. Inahangaika kidogo, kisha inatulia. Mimi nimeukalia mkono chini ya meza na ninatikisa kichwa kama mtu anayefuata mazungumzo. Jumamosi iliyopita nilikuwa namsuka Rachelle saa hiyohiyo, nikamshika shavu nimgeuze kichwa. Akaruka. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba mkono wangu unapumua.

Sasa dada, nifike pale ninapopaogopa. Siku ya mazishi uliniambia kwenye simu, huku unalia, jinsi mama alivyokata roho. Ulisema aliita "Vere", ukamwambia Vere yuko njiani. Akaita tena. Mara ya tatu akasema "Ve", jina likakatika, macho yakamtoka, akahangaika kama mtu aliyezibwa mdomo. Ulisema hutasahau. Uliniuliza ni kitu gani kile, mimi nikakujibu ni ugonjwa.

Aliyemziba ni mimi. Alivuka kote huko kunitafuta, akanikuta, na mimi nikamziba mdomo kwa sababu ya wazungu wachache waliolipa kiingilio.

Nimekata tiketi. Nitashuka Bukoba tarehe pili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, peke yangu. Rachelle atabaki na Perpétue. Nikifika usinipe mkono. Wewe ndiye uliyemwosha mama, ukamfunga kidevu kwa kitambaa. Unajua kama kuzunguka mdomo wake kulikuwa na alama ya vidole. Usiniandikie. Kama ilikuwepo, njoo uwanja wa ndege umefunga mkono wako wa kulia kwa kanga, nami nitaelewa.

Nisalimie shemeji, watoto, na Baba Paroko. Mwambie ma'mdogo nimemshonea gauni, asiende kununua. Mungu akulinde mpaka tutazamane.

Mimi mdogo wako,
Verediana