Zana Inayosema Imeita Daktari

Mshauri wetu Rispah, nakuomba unishike mkono kabla Jumatatu haijafika, kwa maana mchumba wangu hanisikii na nimechoka kubishana na mtu anayedhani kuandika sentensi chache ni kazi ya makarani.

Nafanya kazi hapa Kitale katika kampuni ndogo inayonunua maziwa ya wakulima, na siku hizi tuna msaidizi wa akili unde anayejibu ujumbe wao wa simu, na huyo msaidizi hana mikono ila zana tunazompa, yaani vijiprogramu vya kuangalia bei, kupanga gari la maziwa na kuomba daktari wa ng'ombe, na hajui zana ipi inafanya nini isipokuwa kwa kusoma maelezo yake. Aliyezitengeneza ni Eliakim, kijana wa Bungoma, ndiye huyo mchumba wangu, na wazee wake wanatarajiwa kwetu Disemba kuleta posa. Zana ya daktari aliiandikia maelezo haya tu: "Huita daktari." Basi. Maneno mawili, Rispah, kutoka kwa mtu mwenye digrii.

Ukweli ni kwamba haiiti mtu. Inatuma jina la mkulima kwenye skrini ya ofisini, na daktari wetu Nderitu huisoma akipita kunywa chai. Sisi sote twalijua hilo, kwa hivyo jambo likiwa la haraka humpigia simu. Msaidizi angelijulia wapi? Majuzi, tukiwa bado kwenye majaribio, mama mmoja wa Endebess aitwaye Nakhungu aliandika kwamba ng'ombe wake anazaa na ndama amekwama, naye msaidizi akamjibu kwa adabu zote, "Daktari ameitwa, mama, yuko njiani." Mama akangoja, hata jirani alipotaka kumtafutia daktari mwingine, mama akamwambia asijisumbue. Ndama alikufa, na ng'ombe mpaka leo anasimama kwa shida. Sasa Nakhungu anawaambia watu kwamba Nderitu alimpuuza, na Nderitu anashangaa mbona wanawake wa kule hawaitikii salamu zake.

Nilimwambia Eliakim aandike upya. Akacheka. "Si mnasema hiyo kitu iko na akili? Basi iitumie, bana!"

Nikamwambia akili haiwezi kujua jambo ambalo halijaandikwa popote.

"Ati sasa nianze kuandikia mashine insha? Mimi ni fundi. Msomi ni wewe."

"Na Mama Nakhungu?"

"Huyo si angepiga simu? Kila mtu anajua unapiga simu."

Kila mtu! Jumatatu mwenye kampuni, Bi Pallavi, anawafungulia huduma wakulima wote mpaka Kachibora, na nikimweleza bibi huyo, Eliakim ataaibika au atafutwa kazi, naye ameshanionya, "Ukienda kwa Pallavi, waambie wazee wenu wasichinje kitu." Namtazama akila chakula nilichompikia, namdharau, kisha naona haya kwamba namdharau, na bado nampenda. Nimripoti ama niolewe?

Msomi Asiyesikika, Kitale


Bi Asiyesikika,

Nimekusikia vizuri sana. Nimesoma barua yako nikitafuta mahali ulipoandika hayo maelezo wewe mwenyewe, nikakosa. Mimi simu yangu hunishinda, lakini umenieleza zana hiyo nikaielewa mara moja. Mbona mimi nielezwe, naye msaidizi wenu asielezwe? Nadhani najua. Ukiyaandika wewe, Eliakim ataponea bila kukiri kosa, na wewe unataka akiri. Unamfunza adabu kwa ng'ombe wa watu.

Yeye simwonei huruma hata kidogo. "Kila mtu anajua" ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuwa mgeni popote. Msaidizi wenu ni mgeni kila asubuhi: anaingia, anasoma mlichomwachia, anaamini. Hakumdanganya Nakhungu. Alidanganywa na fundi, akapitisha uongo huo kwa heshima.

Najua inauma kumpenda mtu na kumdharau kwenye meza moja. Lakini uchungu wako unaweza kungoja, ng'ombe anayezaa hawezi. Andika leo: "Zana hii huweka jina la mkulima kwenye skrini ya ofisi. Haimpigii daktari simu, na skrini huenda isisomwe kwa saa nyingi. Mnyama akiwa anazaa, amevimba tumbo au ameanguka, usiitumie. Mpe mkulima nambari ya daktari na umwambie apige sasa hivi. Usiseme kamwe kwamba daktari yuko njiani." Chai yangu bado ina moto, nami nimemaliza. Kisha mtumie msaidizi ujumbe uleule wa Nakhungu usome atakavyojibu. Akikosea, andika tena. Halafu uzigeukie zana nyingine, maana fundi wa maneno mawili hakuwa mvivu siku moja tu.

Kwa Bi Pallavi utaenda kabla ya Jumatatu, mchana, na Eliakim akijua. Mweleze kilichotokea na umwambie asifungue huduma mpaka majibu yajaribiwe. Huko si kumripoti mchumba. Ni kuripoti ndama.

Kuhusu wazee wa Disemba: mwanamume anayetumia posa kukufunga mdomo ameshakueleza ndoa yake itakavyokuwa, na hayo ndiyo maelezo pekee aliyowahi kuyatoa kwa ukamilifu. Yasome.

Lakini kuna jambo umelitaja ukipita kana kwamba ni hadithi ya jirani. Daktari asiye na kosa ananyimwa salamu, na wewe unajua sababu, umenyamaza. Kesho nenda Endebess na Nderitu. Simama mbele ya Nakhungu umwambie kwamba daktari hakuitwa, na kwamba ni kampuni yenu iliyomwambia ameitwa. Atakutukana. Usimtajie mashine, usimtajie Eliakim. Mwache amalize, kisha umwombe Nderitu amtazame yule ng'ombe.