Tumbo Langu na Unga wa Shemeji

Jumatatu, 2 Juni

Ndizi na chai ya rangi. Choo. Nikavaa viatu, nikarudi chooni. Nikafunga mlango wa nyumba, nikaufungua tena kwa sababu hiyo hiyo. Nilipofika soko la Kibuye, hapa Kisumu, ninakouza mapazia, majirani wa vibanda walikuwa wameshatundika yao na wateja wa asubuhi walikuwa wamepita.

Jana nilikula githeri. Nilijua itakavyokuwa, nikala. Nimelelewa kwa githeri Nyeri, sasa mahindi na maharagwe yamenigeuka. Tumbo limevimba mpaka mama mmoja wa kanisani akanipongeza na kuniuliza natarajia lini. Nina miaka arobaini na sita. Nikamwambia ni gesi. Akacheka, akidhani namtania. Akashikashika kila pazia, akaenda zake bila kununua.

Jumatano, 4 Juni

Kliniki. Majibu yote safi. Damu safi, choo safi, picha ya tumbo safi. Daktari ni kijana mwenye viatu vya ncha kali. Anasema nina utumbo wenye hasira. Yaani nimepanga foleni tangu asubuhi ili niambiwe utumbo wangu una hasira. Na mimi je?

Lakini nilimsikiliza, kwa sababu hakuniambia ni mawazo, kama yule wa kwanza. Anasema ugonjwa upo, ila hauonekani kwenye picha. Hauui. Pia hauishi kesho. Niache maziwa, maharagwe, kabichi na vitunguu kwa wiki kadhaa, kisha nirudishe kimoja kimoja nione kinachonisumbua ni kipi. Jioni ninywe isabgol, yale maganda ya mbegu yanayouzwa na Wahindi, kijiko kidogo kwenye maji mengi. Vidonge vya mafuta ya mnanaa kabla ya kula. Basi.

Vitunguu. Nani anapika bila vitunguu? Nimepika bila vitunguu. Samaki alikuwa na ladha ya maji ya kuoshea samaki. Okoth, mume wangu, alikula, akasema ni mtamu. Huo ndio uongo wake wa wiki hii.

Jumamosi, 7 Juni

Shemeji Fred alikuja. Ni mdogo wa Okoth. Zamani aliuza bima, halafu viwanja, halafu vifaranga. Sasa ni mshauri wa lishe. Alifunzwa katika hoteli moja Nairobi, wikendi moja, na akarudi na cheti chenye utepe. Gari lake limebandikwa picha ya jani.

Alikaa kwenye kochi langu akinieleza matumbo yangu. Kwamba utumbo una matope ya miaka mingi. Kwamba magonjwa yote ya binadamu yanaanzia tumboni: presha, sukari, hata ndoa kuvunjika. Nikamuuliza kama na ujinga pia unaanzia huko. Okoth akanitazama vibaya.

Akaacha kopo la kijani. Unga wa kusafisha utumbo, vijiko viwili asubuhi. Sikutaka. Okoth hutengeneza injini za boti, mtu mwenye akili zake kabisa, lakini humwamini yeyote aliyefunga tai. Akanisihi nimuunge mkono ndugu yake. Eti hata mama yao kule kijijini Usenge anautumia na anajisikia vizuri.

Nikakubali. Ili wanyamaze tu.

Jumanne, 10 Juni

Siwezi kumwambia mtu yeyote, kwa hiyo nitaandika hapa.

Nilikunywa ule unga Jumapili, jana, na leo. Jana gesi ilinikaba hadi mbavuni. Leo, nikiwa naning'iniza pazia la maua kwa ajili ya mteja, mikono yote iko juu, tumbo lilijisokota mara moja tu. Choo cha soko kiko upande wa pili, nyuma ya wauza viatu. Sikufika hata kwa wauza viatu.

Nilijifunga leso kiunoni. Nikafunga kibanda. Nikatembea hadi nyumbani, sikuthubutu kukaa kwenye kiti cha bodaboda wa watu. Watu walinisalimu njiani na mimi nikawaitikia, kichwa juu.

Nimeoga. Nimefua. Sina la kumwambia Okoth. Namchukia Fred kwa moyo wangu wote, na leo sitaki kusali ili nisiambiwe nimsamehe.

Alhamisi, 12 Juni

Nimevaa miwani na kusoma maandishi ya nyuma ya kopo. Herufi zenyewe kama mayai ya chawa. Cha kwanza: unga wa maziwa. Cha pili: unga wa soya. Yaani kile nilichokatazwa kwenye sahani nimeletewa kwenye kopo. Mshauri wa lishe hajawahi kusoma anachouza.

Nimemwaga unga wote. Wali, karoti, samaki wa kuchemsha. Isabgol jioni. Tumbo kimya kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Jumamosi, 14 Juni, asubuhi

Twaenda Usenge, ibada ya kumbukumbu ya baba mkwe. Naogopa chakula kuliko mahubiri. Kila mara nikienda kule sahani yangu inachunguzwa. Mama mkwe hupika mboga za kienyeji kwa maziwa, anazilaza hadi ziwe laini, na kila mtu husifu. Mimi nikizila, nalala chooni. Nisipozila, nimewadharau. Wanasema hivyo kwa Dholuo, lugha yao, mbele yangu, na wamesahau kuwa nimekaa huku zaidi ya miaka ishirini na nasikia kila neno.

Nimefunga wali wangu kwenye bakuli na kuuficha chini ya nguo.

Jumapili, 15 Juni

Naandika kwenye benchi la hospitali, Bondo. Okoth ameenda kununua maji. Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Jana baada ya ibada tulikuwa uani. Wageni wengi. Mama mkwe alikuwa anageuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye wavu wa kuanikia, ingawa wako vijana wa kufanya hivyo, kwa sababu ni Mama Konsolata na hakuna anayegeuza omena vizuri ila yeye. Nikamwona anasimama, anashika hewa, anakaa chini juu ya omena. Wengine walidhani amechoka. Nikaenda. Macho yake yalikuwa yananitafuta nami niko mbele yake. Akasema kichwa kinampiga tangu juzi na anaona vitu viwili viwili.

Nilimuuliza dawa za presha amekunywa lini. Akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba alizipumzisha. Fred alimwambia dawa za hospitali zinachosha figo, na unga unatosha. Nikaingia chumbani kwake. Mfuko wa dawa uko pale mezani, umejaa, haujafunguliwa. Kando yake makopo ya kijani, yamepangwa kama vikombe vya ushindi.

Nikatoka uani kumtafuta Okoth.

Nilimweleza Okoth pembeni. Akasema tungoje wageni waondoke, tusimwaibishe ndugu yake mbele ya pasta. Hivyo ndivyo alivyosema. Mama yake anaona vitu viwili viwili na yeye anafikiria pasta.

Sebuleni walikuwa wameketi wote, sahani mapajani. Mama amewekwa kwenye kiti chake, amefumba macho. Na Fred amesimama katikati. Anawaeleza wageni habari za matope ya utumbo. Mkono mmoja una kopo.

Nilisema twende hospitali sasa hivi. Fred akatabasamu. Akasema mwili unapotoa sumu lazima kwanza usumbuke, ni dalili nzuri. Shangazi mmoja akasema kwa Dholuo kwamba huyu Mkikuyu hali chakula chetu, sasa hataki hata dawa yetu. Wengine wakaguna kukubali.

Basi nikasimama. Sikupanga. Nilisema hivi, na nilisema polepole ili kila mtu asikie:

"Shemeji, hiyo unga yako nimekunywa. Nilihara sokoni mchana, watu wakiniangalia, nikajichafua, nikarudi nyumbani nimejifunga leso. Mimi ni tumbo tu, tumbo langu haliniui. Mama ana presha. Ukimnyima dawa atakufa, na wewe ndiye utasimama hapa tena kutuhubiria."

Pasta alikuwa na tonge njiani, akalirudisha kwenye sahani. Okoth alitazama sakafu. Nilitamani ardhi inimeze na wakati huo huo sikujali kabisa. Mkwe wa kike, mbele ya wazee wa ukoo, anataja kuhara kwake. Hakuna mwanamke wa boma lile aliyewahi kufanya hivyo, na ningerudia.

Fred alianza kusema kuwa mwili wangu haukuwa tayari. Mama mkwe akafumbua macho. Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, muda mrefu, kama anayepima samaki.

"Leteni viatu yangu," akasema.

Gari la karibu lilikuwa la Fred. Kwa hiyo mshauri wa lishe mwenyewe ndiye aliyemwendesha mama yake hospitalini, kwenye gari lenye picha ya jani, makopo yakigongana nyuma kila tulipopita kwenye shimo. Jasho lilimtoka hadi kwenye tai.

Muuguzi alipima presha mkono mmoja. Akapima mkono wa pili. Akamwita daktari bila kutuangalia. Walisema kama tungengoja wageni waondoke, huenda tungemleta akiwa amepooza upande mmoja, au tusingemleta.

Amelazwa. Anaongea. Anagombana na muuguzi kuhusu mto. Nimekula wali wangu kwenye benchi hili, kwenye bakuli, hadharani.

Jumanne, 17 Juni

Mama ameruhusiwa. Atakaa kwetu Kisumu hadi presha itulie. Hakuna aliyeniuliza. Nimempa chumba cha Atieno, binti yetu, ambaye yuko shule ya bweni.

Daktari amekataza chumvi nyingi. Kwa hiyo sasa naweza kupika chakula kisicho na chumvi wala vitunguu wala ladha, kwa watu wawili. Mama alionja, akaweka kijiko chini. Akasema:

"Hii ndiyo unakula kila siku? Nilifikiri unaringa tu."

Nikamwambia ndiyo, hii. Akala nusu. Hakusema samahani na sikuitarajia. Miaka ishirini aliniita mringaji kwa sababu ya kinyesi changu. Siwezi kusamehe kwa nusu sahani ya wali.

Ijumaa, 20 Juni

Habari imefika Kibuye. Sijui kwa njia gani. Usenge na Kibuye zimeunganishwa na midomo. Mwuza mashuka wa kibanda cha pili aliniuliza kama kweli nilihubiri mbele ya pasta juu ya kuhara. Nikasema kweli. Akasogeza kiti chake karibu. Ana tumbo kama langu tangu azae mtoto wa mwisho, anadhani amerogwa. Mpaka adhuhuri walikuwa wamekuja wawili wengine. Soko zima linaharisha na limenyamaza, kila mmoja ananunua makopo kivyake.

Nimewaambia waende kliniki wapimwe kwanza, nisije nikawa Fred mwingine. Mmoja aliudhika. Alitaka nimpe jina la dawa tu.

Jumapili, 22 Juni

Fred alikuja. Bila tai. Alileta papai. Alikaa mlangoni mwa chumba cha mama yake kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mama alimpa mkono, akamwuliza kama amekula. Hivyo tu. Mimi ningemla yeye.

Baadaye alinifuata jikoni. Akasema yeye mwenyewe hunywa ule unga kila siku, na mkewe, na watoto. Hakumdanganya mama. Aliamini. Nilitaka kumjibu kwamba hilo ni baya zaidi. Badala yake nikamkatia papai.

Anasema ataendelea kuuza kwa sababu hana kazi nyingine, ila atawaambia watu wasiache dawa zao. Sijui kama atawaambia. Namdharau bado. Ila kidogo kuliko zamani.

Alhamisi, 26 Juni

Nimejaribu kurudisha maziwa, nusu kikombe. Hapana. Kabichi nitajaribu wiki ijayo. Isabgol inanisaidia kuliko ninavyotaka kukubali, maana yule Mhindi wa dukani alinieleza faida zake kwa sauti ya mnada mbele ya wateja wote. Mnanaa pia. Siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya.

Okoth ameniomba msamaha. Ilimchukua muda wote huu. Alisema aliona aibu. Nikamuuliza ya nani. Akachukua vifaa vyake, akatengeneza kitasa cha mlango wa choo, kilichokuwa kimevunjika tangu Krismasi. Nimekipokea kama jibu.

Jumapili, 29 Juni

Mvua tangu asubuhi. Hatukwenda kanisani.

Tumbo limeuma tangu nilipoamka. Nimefuata kila kitu. Sikula kibaya, sikunywa kibaya, sikugombana na mtu. Limeuma tu. Nilitafuta wa kumlaumu na leo hayupo. Nililala kwenye kochi nimejikunja na hata hasira sikuwa nayo.

Mama alitoka chumbani kwake akishika ukuta. Akaenda jikoni. Nikamsikia akiwasha jiko, akingoja. Akarudi na chupa ya maji ya moto, ameizungushia taulo. Akaiweka tumboni mwangu, akavuta kiti, akaketi karibu na miguu yangu akitazama mvua.

Nikaishika chupa kwa mikono miwili.

Nikalala.