Beseni la Kumnawisha Bibi

St. James Town, Toronto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wazima: mimi, mkweo Rashidi, na mjukuu wako Salma, aliyerefuka mpaka suruali zote zimemkimbia. Baridi imeanza kulegea. Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, bado nasimama mpaka miguu inawaka, lakini usinihurumie, nala nashiba.

Mama, tangu uliposema kwenye simu kwamba huji, sina raha. Viza umepata, Kaka Idi yuko tayari kukusindikiza uwanja wa ndege, halafu unasema, "Mtoto hanijui, namsemesha ananijibu Kizungu. Nije kuwa mgeni kwa mwanangu mwenyewe?" Nililia, sikufichi. Tena nilikasirika, maana wewe ukishasema neno hung'oki hata kwa trekta. Basi sikiliza ya Jumamosi.

Shuleni kina Salma wanasoma habari za Wagiriki wa kale, na nyumba nzima sasa ni Wagiriki tu. Anasema zamani hawakuwa nchi moja. Kila mji ulikuwa na mfalme wake, na waligombana sana, ingawa lugha yao ilikuwa moja na miungu ile ile. Msafiri alibisha mlango wowote. Mwenye nyumba alimnawisha, akamlisha, ndipo akamuuliza jina. Kumuuliza kabla hajala ilikuwa aibu, kwani mungu wao mkuu alikuwa mlinzi wa wageni, na huenda aliyesimama mlangoni ni mungu kajigeuza.

Sasa nipo jikoni nakaanga maandazi, mlango ukagongwa. Nikamsikia Salma: "Karibu ndani!" Kwa Kiswahili, Mama! Kutoka, nakuta mwanamume mzima na sanduku la vifaa, kakalishwa kwenye kochi. Nikafungua mdomo kumuuliza ni nani.

"Mama, no! Usimuulize bado!"

Akaleta beseni na jagi, akamnawisha. Akampa chai na sahani ya maandazi. Yule baba akala kwa adabu, huku ananitazama kama anaomba msaada. Aliposhiba ndipo Salma akamuuliza jina na shida yake. Kumbe fundi bomba, kakosea ghorofa, sinki linalovuja ni la jirani wa juu! Tulicheka wote mpaka machozi. Rashidi aliporudi alinuna, akasema mlango haufunguliwi hovyo, na kweli haufunguliwi.

Jioni nikamwambia Salma kwamba kwa Bibi yake huko Tabora haulizwi mgeni kilichomleta kabla hajanawa na kula. Akanikodolea macho.

"Bibi ni Mgiriki?"

Akauliza mbona basi huji. Nikamwambia unaogopa kuwa mgeni.

"But Mama," akasema, "mgeni ndiye bosi!"

Akalisugua beseni, akaweka taulo jipya juu yake, akaliegesha nyuma ya mlango. Sina ruhusa ya kuloweka hata soksi. Kila akitoka shule anafanya mazoezi: "Shikamoo Bibi, karibu unawe." Jina lako analijua, lakini amesema atakuuliza ukishashiba.

Nisalimie Kaka Idi na wifi yangu, na Shangazi Mwasiti wa vitenge, mwambie gauni alilonishonea linanitosha bado.

Ni mimi mwanao Zuhura, nafua kwenye ndoo. Njoo, Mama, nirudishiwe beseni langu.